Robert Koch: Daktari Aliyetafuta Ugonjwa Ndani ya Tone la Damu

Mama, unapomleta mtoto mwenye homa kituoni, jambo la kwanza tunalofanya ni kumchoma kidole na kuchukua tone la damu. Wengi mnaniuliza kwa nini tusimpe dawa moja kwa moja, maana homa yenyewe inaonekana. Jibu lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ilipita huku kwetu Usambara, hadi Amani. Leo nawasimulia maisha ya Robert Koch, daktari Mjerumani. Nitaeleza mazuri yake na makosa yake, kwa sababu yote mawili yanatufundisha kumtunza mtoto.

Daktari wa wilaya na hadubini yake

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Alisomea udaktari Göttingen, akaoa, akapata binti mmoja, kisha akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, eneo la wakulima na wafugaji. Kondoo na ng'ombe wa huko walikuwa wakifa kwa kimeta. Akiwa nyumbani kwake, baada ya kuhudumia wagonjwa, Koch alikuwa akitazama damu ya mifugo hiyo kwa hadubini. Mwaka 1876 alionyesha kwamba kimeta kinaletwa na bakteria wa aina moja tu.

Tuelewane kwanza kuhusu neno seli. Mwili umejengwa kwa seli kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali, ila seli ni hai. Kila seli ina utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ndani yake kuna protini zinazofanya kazi mbalimbali, na seli hutumia sukari kupata nguvu. Bakteria naye ni seli, lakini yeye mwili wake wote ni seli moja tu. Vivyo hivyo kimelea cha malaria. Kwa hiyo mtu anapoambukizwa, seli ngeni zimeingia kuishi na kuzaliana mwilini mwake.

Wakati huo watu wengi Ulaya walikuwa bado wanaamini magonjwa yanatokana na hewa chafu. Tarehe 24 Machi 1882 Koch alitangaza kuwa amempata bakteria wa kifua kikuu. Mwaka 1884, akiwa India, alimpata wa kipindupindu. Jina lake likajulikana dunia nzima.

Hata hivyo, sifa haimzuii mtu kukosea. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu iliyoitwa tuberkulini. Wagonjwa walimiminika kuitafuta, lakini haikuwaponya.

Wasambaa na mbu

Mwaka 1897 Koch alifika Dar es Salaam, wakati nchi iko chini ya Wajerumani, ili kuchunguza malaria. Alipanda pia milima ya Usambara. Huko aliambiwa jambo ambalo baadaye aliliandika. Wasambaa walieleza kwamba mtu wa milimani akishuka nyikani hurudi na homa, na kwamba homa hiyo inatokana na kuumwa na mdudu. Ugonjwa waliuita mbu, na mdudu pia mbu.

Vimelea vya malaria vilikuwa vimeonekana katika damu tangu mwaka 1880, na Mfaransa Alphonse Laveran akiwa Algeria. Lakini njia vinayopita kufika kwa mtu ilikuwa ndiyo kwanza inatafutwa. Mwezi Agosti 1897, Ronald Ross aliona kimelea ndani ya tumbo la mbu huko India. Wazee wa Usambara hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa wamegundua kwa kuangalia nani anaugua na ametoka wapi.

Kinachotokea ndani ya seli nyekundu

Seli nyekundu ya damu imejaa protini iitwayo hemoglobini. Protini hii ina madini ya chuma, na ndiyo inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda mwili mzima. Seli moja huishi siku 120 hivi.

Kimelea cha malaria huingia ndani ya seli hiyo na kuila hemoglobini. Hutumia pia sukari nyingi ya damu. Baada ya siku mbili hivi, kimelea kimoja huwa kimezaa vingi, mara nyingi zaidi ya kumi. Seli hupasuka, vimelea hutoka na kuvamia seli nyingine. Ndipo mtoto anapotetemeka na joto kupanda.

Sasa mama, angalia viganja vya mtoto. Vikiwa vyeupe, huenda seli nyingi nyekundu zimeharibika na damu imepungua. Sukari ikishuka mno, au vimelea vikiziba mishipa midogo ya ubongo, mtoto anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu. Degedege ya namna hii inahitaji hospitali haraka.

Koch alipofanya uchunguzi New Guinea mwaka 1899 na 1900, alikuta vimelea zaidi kwa watoto wadogo kuliko kwa watu wazima walioishi na malaria miaka mingi. Mwili wa mtu mzima ulikwisha jifunza kupigana navyo, wa mtoto bado. Yeye alisisitiza damu ipimwe, na mwenye vimelea apewe kwinini, dawa iliyotokana na gome la mti wa sinkona. Miti hiyo ilipandwa hata Amani.

Kutoka Amani hadi visiwa vya Sese

Mwaka 1905 Koch alirudi Afrika Mashariki. Alichunguza homa ya papasi, akaona kwamba papasi huirithisha hata kwa watoto wake kupitia mayai. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 alikuja tena, safari hii kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Alianzia Amani, kwenye taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1902. Huko aliwapasua mbung'o akitafuta vimelea vya malale ndani yao. Kisha akaenda visiwa vya Sese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, ambako watu wengi walikuwa wanakufa kwa malale.

Huko Sese alitumia dawa iitwayo atoksili, yenye arseniki ndani yake. Mwanzoni vimelea vilitoweka kwenye damu na wagonjwa wakapata nafuu. Baadaye vikarudi. Koch akaongeza dozi. Wagonjwa wakapata maumivu na kizunguzungu, na zaidi ya watu 20 wakapofuka, wasione tena maisha yao yote. Ndipo akaiacha dozi hiyo kubwa.

Arseniki hushika protini zinazofanya kazi ndani ya seli na kuzizuia. Inafanya hivyo kwenye seli ya kimelea, na inaweza kufanya hivyo kwenye seli za mgonjwa pia, zikiwemo za mshipa wa fahamu wa jicho. Waliolipa gharama ya kosa lile walikuwa wanakijiji wa Sese, ambao majina yao hayakubaki kwenye vitabu kama lilivyobaki la Koch. Yeye alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na miaka 66.

Tunachokichukua kwa mtoto wetu

Pima kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta protini ya kimelea katika tone la damu. Kikionyesha hakuna malaria, homa ina chanzo kingine, labda nimonia, sikio au mkojo. Dawa ya malaria haitamsaidia, na ugonjwa halisi utaendelea kukua.

Usibuni dozi. Dawa mseto hupimwa kwa uzito wa mtoto. Usimpe vidonge vilivyobaki vya kaka yake, wala usiongeze ili apone upesi. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, na umalize siku zote 3 hata kama anacheza. Akitapika ndani ya nusu saa, mpe dozi hiyo tena, kisha rudi kituoni upewe nyingine ya kufidia.

Usisubiri asubuhi ukiona mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea sana au haamki vizuri. Mlete usiku huohuo.

Na ukishuka na mtoto kwenda Muheza, Korogwe au Tanga, beba chandarua. Wazee wetu walijua mtu hutoka na nini huko nyikani. Akipata homa baada ya kurudi, tuambie kwamba mlisafiri.