Mwalimu Nyerere na lugha ya tatu

Mtahiniwa, kama hapo Songea bibi yako anakusemesha Kingoni, wenzako Kiswahili, na mtihani unakudai Kiingereza, soma maisha haya kwa makini.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito. Nyumbani walizungumza Kizanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12, akasoma kwa Kiswahili. Mwaka 1937 aliingia Tabora, ambako masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Hiyo ikawa lugha yake ya tatu. Alisomea ualimu Makerere (1943–1945), kisha akapata shahada Edinburgh (1949–1952). Alifundisha Pugu hadi 1955, alipoacha kazi kwa ajili ya TANU.

Hapa ndipo uzingatie. Akiwa kiongozi wa nchi alitafsiri tamthiliya ya Shakespeare, Julius Caesar, ikachapishwa 1963. Hakuridhika: aliirekebisha, ikatoka upya 1969. Mwaka huohuo ilitoka Mabepari wa Venisi. Wewe unaombwa kujaza nafasi moja iliyoachwa wazi. Yeye alijaza tamthiliya mbili nzima, tena kishairi! Na tazama neno mabepari. Angeweza kuandika wafanyabiashara, lakini hiyo ilikuwa miaka ya Ujamaa, na bepari lilikuwa neno lenye lawama.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Zoezi: Tafuta jina la Kiingereza la tamthiliya hiyo ya pili. Neno lipi limekuwa mabepari? Litungie sentensi mbili za Kiingereza, moja katika wakati uliopita.