Mtoro bin Mwinyi Bakari: Mwalimu Aliyeandika Maisha ya Kila Siku

Utangulizi

Miongoni mwa zana za kufundishia ambazo mwalimu wa shule ya msingi aweza kuzipata kwa gharama ndogo ni picha za kale. Picha za Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam zilizopigwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza zimechapishwa katika vitabu na kadi za posta nyingi. Baadhi zilipigwa na A. C. Gomes, Mgoa aliyekuwa na studio Unguja, na nyingine na Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam. Humo twaziona njia za mchanga, nyumba za makuti, wapagazi na mizigo yao, wanawake wakitwanga, na watoto waliosimama wakiikodolea macho kamera.

Hata hivyo, picha hizo zina upungufu ambao mwalimu hana budi kuutambua kabla hajaingia nazo darasani. Wengi wa watu waliomo hawana majina. Twauona mlango wa nyumba, lakini hatusikii mgeni alivyobisha hodi wala alivyoitikiwa. Aliyeshika kamera mara nyingi alikuwa mpita njia, na wahenga walikwisha kutuonya kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwaeleza walimu wanafunzi habari za mtu mmoja wa Bagamoyo, mwalimu kwa kazi, ambaye miaka ileile picha zilipokuwa zikipigwa aliyaandika maisha ya kila siku ya watu wa kwao kwa lugha yao. Huyo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Kuzaliwa na elimu yake

Mtoro alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo. Siku hizo Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka bara. Wapagazi wa Kinyamwezi na wa Kisukuma walifika hapo na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na waya. Kwa hiyo historia ya mji ule inatuhusu hata sisi tulioko kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, kwani babu zetu ni miongoni mwa waliozijaza njia zake.

Alisoma Kurani, kisha akaendelea na elimu ya dini na sheria mbele ya mashehe, na baadaye yeye mwenyewe akawa mwalimu. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi aliona vita vya Abushiri vya mwaka 1888 na 1889, na baada yake utawala wa Wajerumani. Bagamoyo ilikuwa makao ya serikali yao hadi mwaka 1891, makao hayo yalipohamishiwa Dar es Salaam. Mtoro aliwahi pia kuitumikia serikali hiyo katika kazi ya kukusanya kodi. Jambo hili tusilifiche. Mtu aliyeusoma mji wake kwa jicho la mwanachuoni aliingia pia katika nyumba za watu akiwa mtumishi wa mtawala.

Safari ya Berlin na kazi ya uandishi

Mwaka 1900 Mtoro alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, chuo kilichoanzishwa mwaka 1887. Wengi wa wanafunzi wa Kiswahili walikuwa maofisa, wamisionari na watu wengine waliojiandaa kwenda kukaa Afrika Mashariki. Kiongozi wa masomo hayo alikuwa Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani pwani.

Velten aliwataka wasaidizi wake wa Kiswahili waandike habari za kwao ili zitumike kufundishia. Mwaka 1901 ilichapishwa Safari za Wasuaheli, ambamo Mtoro ni mmoja wa waandishi. Mwaka 1903 ikatoka Desturi za Wasuaheli, iliyochapishwa Göttingen. Waliochangia kitabu hicho ni zaidi ya mmoja, lakini mchango mkubwa ni wa Mtoro. Yafaa ikumbukwe, basi, kuwa kitabu hicho, ambacho leo ni hazina ya wanahistoria, kilitungwa kwa mahitaji ya darasa.

Jinsi alivyoandika

Mpangilio wa kitabu hufuata maisha ya mwanadamu. Huanza na mimba na kuzaliwa, hupita katika malezi, michezo ya watoto, chuo cha Kurani, jando na unyago, posa na harusi, hata maradhi, kifo na mazishi. Kati ya hayo mna habari za salamu, chakula, ngoma, pepo, biashara, madeni, safari za bara, utumwa, majumbe na sheria.

Mwalimu mwanafunzi ayatazame mambo matatu katika uandishi huo. Kwanza, kila jambo hutajwa kwa jina lake halisi, kiwe chombo, nguo, ngoma au chakula. Pili, kila mtu hupewa kazi yake: mkunga ana yake, kungwi ana yake, somo ana yake, mwalimu wa chuo ana yake, na ada apasayo kupewa hutajwa. Tatu, twaelezwa watu wanavyosemezana, yaani nani huanza kumwamkia nani na huitikiwaje. Hayo ndiyo mambo ambayo kamera haikuweza kuyashika.

Pamoja na hayo, kitabu kina mipaka yake. Mtoro aliandika kama muungwana wa mjini. Habari za utumwa kwa sehemu kubwa twazipata jinsi waungwana walivyozitazama, na wakati huo utumwa ulikuwa bado haujafutwa kisheria. Ulifutwa Tanganyika mwaka 1922. Mtumwa mwenyewe angeandika kitabu kingine. Aidha, maandishi yote yalipita mikononi mwa Velten kabla ya kuchapwa.

Ndoa na kufungiwa mlango

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani huko Berlin. Ndoa hiyo ilikuwa halali kwa sheria ya nchi ile, lakini iliwachukiza wengi waliotaka Waafrika na Wazungu watengwe. Mwaka uliofuata aliacha kazi katika Seminari, akafunga safari na mkewe kurudi nyumbani. Walipofika pwani, serikali ya gavana Götzen haikukubali wakae pamoja nchini. Iliwabidi warudi Ujerumani kwa njia waliyojia, na maombi ya Mtoro kwa wakubwa hayakubadili uamuzi huo.

Hapa pana jambo la kutafakari. Mtu aliyeandika kwa ukamilifu jinsi bwana harusi wa pwani anavyopokewa nyumbani alizuiwa asimpeleke mkewe kwao. Tangu hapo Bagamoyo haikuwa tena makazi yake. Watawala walikuwa tayari kuipokea elimu yake juu ya nyumba za Waswahili, lakini yeye na mkewe hawakupewa ruhusa ya kuwa na nyumba yao huko.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 alifanya kazi Hamburg, akiwa msaidizi wa lugha kwa Carl Meinhof katika Taasisi ya Kikoloni. Kisha alirudi Berlin. Katika miaka yake ya mwisho alipata riziki kwa kutembea akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki, huku picha zikionyeshwa ukutani kwa taa. Yule aliyeandika maisha ya kwao kwa maneno akawa sasa anasimama kando ya picha, akiwaeleza wageni wanachokitazama. Alifariki Berlin mwaka 1927. Kitabu chake kilitolewa upya mwaka 1981 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen.

Matumizi darasani

Maisha ya Mtoro yatufundisha kuwa picha ya kale hukamilika anapopatikana mwenyeji wa kuieleza. Kwa hiyo twapendekeza hatua zifuatazo kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Hatua ya kwanza: wanafunzi wapewe picha moja ya mji wa kale. Waorodheshe wanachokiona tu, bila kubuni.

Hatua ya pili: waorodheshe wasichoweza kukiona. Huyu anaitwa nani? Amebeba mzigo wa nani? Jioni atakula nini?

Hatua ya tatu: mwalimu awasomee sehemu fupi ya Desturi inayolingana na picha, akifafanua maneno ya kale. Kisha wapime ni maswali mangapi yamejibiwa.

Hatua ya nne: wanafunzi waandike habari ya jambo moja la mahali pao kwa njia ya Mtoro. Hapa Nyegezi waweza kueleza jinsi dagaa wanavyoanikwa na kuuzwa, au jinsi abiria wanavyopokewa stendi. Waweza pia kuwauliza wakubwa wao habari za kivuko cha Kigongo na Busisi. Daraja lilizinduliwa hapo mwaka 2025, na mtoto anayezaliwa sasa hatajua foleni ya magari, wachuuzi waliowauzia abiria chakula, wala mazungumzo ya watu waliokuwa wakisubiri, isipokuwa yaandikwe.

Hatua ya tano: waulizane ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema katika picha, katika kitabu, na katika maandishi yao wenyewe.

Hatua hizi si lazima zimalizwe katika kipindi kimoja. Mwalimu asiyekuwa na picha asikate tamaa. Aweza kuanzia hatua ya nne, kwani daftari na mzee mmoja wa kijiji vyatosha kuanzia. Jambo la msingi ni mtoto aone kuwa maisha ya kwao yastahili kuandikwa kwa usahihi, na kwamba yeye anaweza kuwa mwandishi wake.

Maswali ya kujadili

1. Taja mambo matatu ya maisha ya kila siku ambayo picha haiwezi kuyaonyesha, na ueleze utakavyoyafundisha.
2. Kazi ya Mtoro kwa watawala inaathiri vipi thamani ya maandishi yake kama chanzo cha historia?
3. Andaa somo la dakika 40 kuhusu kazi moja ya ufukweni, ukiwatumia wazee wa mahali hapo kama chanzo cha habari.