Jason Sendwe: mganga msaidizi katika vita vya dawa na risasi

LUBUMBASHI – Jina la Jason Sendwe hutajwa kila siku mjini Lubumbashi, mara nyingi na watu ambao hawana habari na siasa: mama anayempeleka mtoto mwenye homa, dereva wa teksi anayeulizwa njia, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi anayekwenda mazoezini. Kwao Sendwe ni hospitali. Wachache wanakumbuka kwamba mwenye jina hilo alikuwa kwanza mtu wa tiba, na kwamba alikufa katika vita ambavyo vijana wengi waliviendea wakiamini dawa ya kuzuia risasi.

Sendwe alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Baluba, kaskazini mwa Katanga. Alisoma shule za misheni ya Wamethodisti, kisha akafundishwa tiba na kuwa mganga msaidizi. Wakati wa Wabelgiji hiyo ndiyo ilikuwa ngazi ya juu kabisa ambayo Mukongomani aliweza kufikia katika kazi ya uganga. Udaktari kamili ulikuwa wa Wazungu. Mganga msaidizi alipima wagonjwa, alitoa dawa, alichoma sindano na kuandika matokeo.

Siasa ilimtoa hospitalini. Akawa rais wa Balubakat, chama cha Baluba wa Katanga. Mwanzoni chama hicho kilishirikiana na Conakat ya Moïse Tshombe, lakini Novemba 1959 wakaachana. Katika uchaguzi wa Mei 1960, Sendwe alipata kiti cha ubunge wa taifa. Kwenye bunge la jimbo, Conakat ilipata viti 25, na muungano wa Balubakat na wenzake viti 23. Tofauti hiyo ndogo ilimpa Tshombe serikali ya Katanga. Tarehe 11 Julai 1960 akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo.

Kaskazini kukawaka moto. Vijana wa Balubakat, walioitwa Jeunesse, waliinuka dhidi ya askari wa Tshombe. Askari hao walikuwa na bunduki za kisasa na maofisa wa Kibelgiji, na walichoma vijiji. Vijana walikuwa na pinde, mishale ya sumu, rungu na bunduki chache. Wengi walikunywa dawa au kuvaa hirizi wakiambiwa kwamba risasi haitawapata. Chama kilichoongozwa na mganga msaidizi kikawa na jeshi la vijana waliotegemea dawa ambayo hakuna hospitali ingeweza kuitoa.

Oktoba 1960 Sendwe alizunguka kaskazini akilindwa na ONU, kujaribu kutuliza watu. Utulivu haukudumu. Tarehe 8 Novemba, karibu na Niemba, wapiganaji wa Kiluba walishambulia askari wa ONU kutoka Ireland, na 9 kati yao wakafa. Mwaka 1961, hapa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Baluba zaidi ya 30,000 walikimbilia kambi ya wakimbizi chini ya ulinzi wa ONU.

Mwaka huohuo Sendwe akawa makamu wa waziri mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula. Katanga iliporudi ndani ya Kongo mwaka 1963, yeye akawa rais wa jimbo jipya la Katanga Kaskazini, makao yake yakiwa Albertville, yaani Kalemie. Mwaka uliofuata maasi ya Simba yalifika huko.

Wapiganaji wa Simba walinyunyiziwa maji, wakachanjwa, na wakapewa masharti: wasiguse mwanamke, wasipeane mkono na mtu ambaye hajapewa dawa, wasigeuke nyuma vitani. Waliamini kwamba risasi zitageuka maji. Miji mingi ilianguka haraka, kwa sababu askari wa serikali nao waliamini dawa hiyo. Walipowaona Simba wakija bila woga, walitupa silaha na kukimbia.

Hapo ndipo panapodanganya. Dawa ilionekana kufanya kazi, na kwa namna fulani ilifanya: iliondoa hofu upande mmoja na kuitia upande wa pili. Nguvu ya namna hiyo inajulikana katika tiba pia. Mwaka 1799, mjini Bath nchini Uingereza, daktari John Haygarth alipima vijiti vya chuma vilivyouzwa ghali kama dawa ya maumivu. Alitengeneza vijiti vya mti vilivyofanana navyo, akavitumia kwa wagonjwa 5. Wanne wakapata nafuu. Chuma hakikuwa na kazi yoyote. Matumaini ndiyo yaliyopunguza maumivu. Waganga huita jambo hilo plasibo. Linaweza kutuliza maumivu, wasiwasi na kichefuchefu. Haliui vijidudu vya malaria, wala halizuii risasi.

Dawa ya vita ilikuwa na kinga nyingine: haikukubali kushindwa. Kijana akipona, dawa ni kali. Akiuawa, alivunja sharti. Kila kifo kilikuwa kosa la maiti. Maji ya Kinjikitile katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza kusini mwa Tanzania mwaka 1905, yaliahidi jambo hilohilo, na bunduki za Wajerumani ziliua watu kwa maelfu. Simba nao walirudishwa nyuma walipokutana na askari na mamluki ambao hawakuogopa maji. Novemba 1964 walipoteza Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani.

Sendwe hakuyaona hayo. Tarehe 19 Juni 1964, Albertville ilipoanguka mikononi mwa waasi, aliuawa. Lawama ya kifo chake ilitupwa huku na huku.

Imani hiyo haikufa naye. Machi 2013 wapiganaji wa Kata Katanga waliingia Lubumbashi, wengi wakiwa na hirizi. Watu kadhaa waliuawa kabla ya wapiganaji zaidi ya 200 kujisalimisha kwenye kambi ya MONUSCO. Huko Kivu na Tanganyika, vijana wa Mai-Mai bado wanapewa maji.

Katika kazi aliyojifunza Sendwe, daftari la hospitali huandika wote: waliopona na waliokufa, waliopewa dawa na wasiopewa. Bila hesabu hiyo hakuna anayejua dawa imefanya nini, iwe ya famasi au ya mganga wa kijijini. Sifa za dawa ya risasi zililetwa na waliorudi kutoka vitani. Wale ambayo haikuwasaidia hawakurudi kusema.