Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere: Utimilifu wa Maisha Ulioanzia Nyumbani

Sisi tunaoishi Dodoma hupita mara nyingi Chamwino, kando ya barabara iendayo Morogoro, na macho yetu huishia kwenye Ikulu. Twasahau kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970 Rais wa nchi alikaa katika kijiji hicho na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Kumbukumbu hiyo yatufaa tunapojiuliza swali linalozisumbua familia nyingi: mtu hupata wapi utimilifu wa maisha yake?

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa 5 kati ya wake 22. Mtoto huyo wa mtemi hakulelewa katika anasa. Alichunga mifugo ya baba yake, na hakuanza shule hadi mwaka 1934, alipopelekwa Mwisenge, Musoma. Baadaye alisoma Tabora na Makerere. Baba yake alifariki mwaka 1942, na tarehe 23 Desemba 1943 kijana huyo alibatizwa katika misheni ya Nyegina.

Baada ya kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, chini ya Padre Richard Walsh, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh. Aliporudi, yeye aliyekulia katika boma la wake wengi alipokea Sakramenti ya Ndoa na mke mmoja, mwalimu Maria Gabriel Magige, tarehe 24 Januari 1953. Wakaanza maisha yao Pugu, alikofundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko.

Jaribu kubwa la nyumba hiyo changa lilikuja mwaka 1955. Mwalimu alikuwa amerejea kutoka New York, alikoisemea Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa, na ilimlazimu kuchagua kati ya kazi ya ualimu na uongozi wa TANU. Aliacha kazi. Kwa baba mwenye watoto wadogo, hilo lilimaanisha kukosa mshahara. Familia ilirudi nyumbani Musoma, na huko akawafundisha wamisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Waliporejea Dar es Salaam na kuishi Magomeni, Mama Maria aliendesha duka dogo ili watoto wale. Tunapoisimulia historia ya Uhuru kwa mikutano ya hadhara peke yake, tunalisahau duka hilo, nalo lilibeba sehemu ya mzigo.

Madaraka hayakumwondoa katika mwenendo huo. Mwaka 1966 alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha mwaka 1967 yaliibana nyumba yake sawa na za viongozi wengine. Katikati ya shughuli nyingi za dola, alidumu kuhudhuria Misa Takatifu na kusali.

Hatupaswi kuyasimulia maisha yake kana kwamba hayakuwa na kivuli. Hapa kwetu Ugogoni wako wazee wanaokumbuka jinsi watu walivyohamishwa kwenda vijiji vipya, wengine kwa kulazimishwa, wakiacha tembe zao na mashamba waliyoyajua mvua na ukame wake. Nia ilikuwa kuwafikishia maji, shule na zahanati, lakini machungu yalikuwa ya kweli. Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba yalikuwapo makosa katika uongozi wake. Kukiri hivyo ni mtihani mgumu kuliko kukosa mshahara, kwa maana mtu huona kwamba jambo alilolipenda limewaumiza wale aliotaka kuwasaidia.

Mwaka 1985 aliachia urais kwa hiari, na mwaka 1990 akaacha uenyekiti wa chama. Alirudi Butiama kulima, kucheza bao na kukaa na jamaa zake. Katika miaka hiyo zilichapishwa tenzi zake za Injili na Matendo ya Mitume, alizoziandika kwa Kiswahili. Mtu aliyekuwa na nchi nzima mikononi mwake hakuhesabu kwamba amepungukiwa alipobaki na jembe, kalamu na familia. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri, na Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu.

Katika jiji letu linalokua haraka, wazazi wengi huahirisha furaha mpaka kiwanja kipatikane, nyumba iezekwe au cheo kipande. Wengine hufanya kazi mbali na wenzi wao, na watoto hulala kabla baba hajarudi. Magumu hayo hayaepukiki yote. Hata hivyo, maisha ya Mwalimu yanatufundisha kwamba utimilifu hausubiri magumu yaishe. Huanza pale mume na mke wanapoubeba mzigo pamoja, mzazi anapokiri kosa mbele ya wanawe, na familia inapokula na kusali pamoja jioni, hata kama mezani pana ugali wa uwele na mlenda tu. Tuanze jioni ya leo, na tuendelee kumwombea Mtumishi huyu wa Mungu.