Hammarskjöld: Alifuata amani ya Katanga, siri ya kifo chake ikabaki hewani

NAVIUNDU, Lubumbashi. Usiku wa Septemba 17 kuamkia 18, 1961, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa (UN), Dag Hammarskjöld, alifariki dunia baada ya ndege yake kuanguka karibu na Ndola, Zambia ya leo. Alikuwa akienda kuonana na Moise Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, ili kusitisha mapigano yaliyozuka siku nne kabla jijini Élisabethville, ambalo sasa ni Lubumbashi.

Hammarskjöld alizaliwa Julai 29, 1905, mjini Jönköping, Uswidi. Baba yake, Hjalmar, aliwahi kuwa waziri mkuu. Alisomea uchumi, akatumikia serikali, na Aprili 1953 akawa Katibu Mkuu wa pili wa UN. Kongo ilipopata uhuru 1960 na Katanga kujitenga siku chache baadaye, mgogoro huo ukawa mzigo wake mkubwa.

Kati ya watu 16 waliokuwa ndani ya ndege, mmoja tu alikutwa hai, naye akafariki siku chache baadaye. Uchunguzi wa Rhodesia ulimlaumu rubani. Ule wa UN wa 1962 haukufikia uamuzi.

Swali likahamia redioni. Miaka mingi baadaye Charles Southall, aliyekuwa ofisa wa Jeshi la Majini la Marekani katika kituo cha kunasa mawasiliano kisiwani Cyprus, alieleza kuwa usiku ule alisikia rekodi ya rubani akiishambulia ndege. Ndani ya ndege pia kulikuwa na mashine ya CX-52 ya kuandika ujumbe kwa msimbo, na wachunguzi wanaona huenda wengine waliusoma.

Mafundi wanaofungua redio za skana ili kusoma data huchukua sauti kabla haijafika kwenye vichujio. Kichujio huacha maneno yasikike vizuri, lakini hukata alama za data. Uchunguzi huu umekwama hapohapo: masimulizi yapo, rekodi halisi haijatolewa.

Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman, aliyekabidhiwa uchunguzi na UN, ameona inawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje. Amezitaka nchi zenye kumbukumbu, zikiwamo Marekani na Uingereza, zizifungue.

Hammarskjöld alikufa akiwa na miaka 56. Mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa tayari kaburini.