Bwana Spicer-Simson na Mashua Zake Mbili za Ziwa Tanganyika

Miongoni mwa maofisa waliopata sifa katika vita vya maji ya bara letu, hakuna aliyekuwa na mwanzo mbaya kumpita Geoffrey Basil Spicer-Simson. Alizaliwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, tarehe 15 Januari, 1876, akalelewa Ufaransa na Uingereza, na mwaka 1890, akiwa kijana wa miaka 14, akaingia katika jeshi la maji la Waingereza. Alipofikia umri wa miaka 38, wenzake wa rika lake walikuwa wakiamrisha manowari kubwa, naye angali pale pale. Alipata kuigonga mashua kwa meli aliyoiongoza, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mwezi Novemba 1914 manowari Niger, iliyokuwa ya kikosi alichokisimamia, ilizamishwa karibu na mji wa Deal, na baada ya hapo akawekwa ofisini London kushughulika na makaratasi. Alikuwa mwenye majivuno mengi na hadithi nyingi za ushujaa ambao hakuna aliyeuona.

Tunamweleza mtu huyu kwa sababu jambo moja alilolifanya linawahusu wote wanaopanda mashua kwa kazi ya serikali. Hapa Juba, kandokando ya Mto Nile, tulipata kuona mashua iliyoongezewa mashine ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, kwa tamaa ya mwendo. Siku ya majaribio omo yake ilinyanyuka juu hata mshika usukani asione mbele, tezi ikazama, na ilipotakiwa kugeuka ilikwenda upande kama ng'ombe asiyetaka kuvuka. Nguvu ilikuwapo, lakini utiifu haukuwapo. Jambo hilo hilo, la kupatanisha mashine, uzito, mzinga na usukani, ndilo lililoamua nani awe bwana wa Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1914 Wajerumani walilitawala ziwa lile bila mshindani. Mwezi Agosti meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia na kuiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na tangu hapo askari wa Kijerumani waliweza kuvushwa usiku na kushuka ufuko wowote waliopenda. Mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, aliyezijua sana nchi hizo, akaenda London mwezi Aprili 1915 kueleza kwamba mashua ndogo zenye mbio zingeweza kuletwa kwa reli na kwa kukokotwa porini, zikawapiga Wajerumani wasipotazamia. Wakuu wa jeshi la maji walikubali shauri hilo. Walipotafuta ofisa wa kulitekeleza, aliyekuwa hana kazi ya maana na aliyejua Kifaransa cha kusemezana na Wabelgiji alikuwa Spicer-Simson.

Mashua zilizochaguliwa zilijengwa na kiwanda cha Thornycroft, nazo zilikuwa zimeagizwa na Wagiriki kwa kazi ya kuhudumia ndege za majini. Kila moja ilikuwa na urefu wa futi 40 na upana wa futi 8, mashine mbili za petroli zenye nguvu za farasi 100 kila moja, na rafadha mbili, yaani yale mapanga yazungukayo majini na kuisukuma mashua. Mwendo wake ulikuwa maili za baharini 19 kwa saa, sawa na kilomita 35. Yeye alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo kwa watoto wa Kifaransa ni paka na mbwa vile vile, na safari hii yalipita.

Lakini mashua yenye mbio si silaha mpaka ibebe silaha, na hapa ndipo penye somo. Kila mashua iliwekewa mzinga wa ratili tatu mbele na bunduki ya rashasha nyuma, na matangi ya petroli yakavikwa chuma ili risasi zisiyatoboe. Kila ratili iliyoongezwa ilikula sehemu ya mwendo. Kisha ikaonekana kwamba mashua nyembamba namna ile haiwezi kustahimili kishindo cha mzinga ukipigwa kwa ubavu. Ingepinduka. Ilibidi mzinga upigwe kuelekea mbele tu. Katika majaribio ya mto Thames, mwezi Juni 1915, risasi ya kwanza ililenga shabaha sawasawa, lakini mzinga haukuwa umekazwa vema kwenye sitaha, nao ukatumbukia mtoni pamoja na mpigaji wake. Waliotazama walicheka. Sisi twaona ni heri kubwa kwamba jambo hilo lilitokea pale, mbele ya mafundi wenye spana, kuliko ziwani mbele ya adui.

Safari iliyofuata ingejaza kitabu. Waliondoka Uingereza tarehe 15 Juni kwa meli Llanstephan Castle, wakafika Cape Town mapema Julai, wakapanda treni hadi Fungurume katika Kongo, na kuanzia hapo mashua zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa magari mawili ya mvuke, kwa maksai, na kwa mikono ya mamia ya Waafrika waliokata njia na kujenga madaraja zaidi ya mia. Magari yale yalipokosa maji, wanawake wa vijiji vya karibu walileta maji kwa mitungi vichwani. Majina yao hayamo katika taarifa yoyote tuliyoisoma, ingawa bila maji yale pasingekuwa na vita vya ziwani vya kusimuliwa. Walipofika mto Lualaba, ambao ulikuwa na kina kidogo wakati ule wa kiangazi, mashua zilifungiwa mapipa matupu ubavuni ili zielee juu zaidi. Mwishoni mwa Oktoba zilikuwa Lukuga, karibu na mahali tunapopaita leo Kalemie.

Wenyeji wa pale, Waholoholo, walimtazama kamanda huyu kwa mshangao. Mwili wake ulikuwa umechanjwa michoro ya nyoka, naye kwa sababu ya joto alivaa sketi badala ya suruali. Wakamwita Bwana Chifungatumbo.

Mashua zilishushwa majini tarehe 22 na 23 Desemba, na tarehe 24 zikajaribiwa ziwani. Hawakuwa na muda zaidi ya huo. Asubuhi ya Jumapili tarehe 26, kamanda akiwa katika ibada pamoja na watu wake, meli ya Kijerumani Kingani ilionekana ikipita. Kingani ilikuwa nzito na ya polepole kuliko mashua zile, tena mzinga wake ulikuwa mbele na haukuweza kupiga nyuma. Spicer-Simson aliijua kasoro ya adui na aliijua kasoro yake mwenyewe. Mashua zake ziliweza kupiga mbele tu, basi aliziacha Kingani ipite, kisha akaifuata kwa nyuma, omo zikielekea adui wakati wote. Kila Kingani ilipojaribu kugeuka ili itumie mzinga wake, mashua nazo ziligeuka upesi zaidi. Baada ya dakika 11 nahodha Mjerumani alikuwa amekufa na bendera imeshushwa. Kingani ikatengenezwa, ikapewa jina la Fifi, ikawa ya Waingereza.

Hapo Spicer-Simson akafanya kosa ambalo wengi wangalifanya. Aliiwekea Fifi mzinga wa ratili 12, mkubwa kupita kimo cha chombo. Tarehe 9 Februari, 1916, Hedwig ilipokuja kuitafuta ndugu yake iliyopotea, Toutou ilikuwa imeharibiwa na dhoruba, na Fifi ikatoka pamoja na Mimi. Kila mzinga ule ulipopigwa, kishindo kiliirudisha Fifi nyuma hata ikakaribia kusimama, na Hedwig ikazidi kwenda zake. Aliyeokoa siku ile ni Luteni Wainwright katika Mimi. Alipita mbele kwa mbio, akaichokoza Hedwig kutoka nyuma, mahali ambapo mizinga yake ya tezi haikuweza kumfikia, mpaka nahodha Odebrecht akalazimika kugeuka. Katika kuzungukana huko Fifi ikapata nafasi ya kukaribia. Ilikuwa imebakiza risasi tatu. Wainwright akaja ubavuni kueleza kwamba risasi zinapita juu ya adui, mzinga ukateremshwa, na risasi zilizofuata zikaipata Hedwig katika kiwiliwili na katika mashine. Ikazama. Watu saba walikufa, na watano kati yao walikuwa mabaharia Waafrika.

Siku iliyofuata ilitokea Graf von Götzen, meli ya urefu wa mita 67, yenye mzinga uliotoka katika manowari Königsberg. Maofisa wake walitaka kutoka. Spicer-Simson aliitazama kwa darubini, akakataa. Wako wanaosema huo ulikuwa woga. Kwa siku ile hatukubaliani nao, kwa sababu mzinga mmoja wa namna ile ungetosha kuzimaliza mashua zake zote kabla hazijafika umbali wa kupiga, na mbio zake zilikuwa na faida penye kuzunguka, si penye kupigwa kutoka mbali. Lakini mwezi Juni huko Bismarckburg, ambako leo ni Kasanga, alikawia tena mbele ya ngome, na Wajerumani wakatoroka usiku kwa mitumbwi. Kwa hilo hatuna la kumtetea. Afya ya akili yake ilikuwa imechoka, akarudishwa kwao.

Alipewa nishani ya DSO, na Wabelgiji nao wakampa yao, lakini hakupewa tena amri ya vitani. Mwaka 1919 alikuwa mkalimani katika mkutano wa amani huko Versailles, na kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, kazi aliyoifanya vema, kwa kuwa tangu ujana wake alikuwa mpimaji hodari wa mito, Yangtze na Gambia mojawapo. Alifariki Courtenay, Kanada, tarehe 29 Januari, 1947.

Götzen aliyoikataa ilizamishwa na Wajerumani wenyewe tarehe 26 Julai, 1916, mashine zake zikiwa zimepakwa grisi nyingi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta grisi imezihifadhi mashine vizuri, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikiwavusha abiria na samaki wao wakavu kati ya Kigoma na Mpulungu kwa miaka mingi baada ya Mimi na Toutou kutoweka majini.