Ahmad bin Majid: Rubani Aliyepima Bahari kwa Hesabu

Katika watu ambao majina yao hutajwa sana barazani mwetu, wala hawajulikani sawasawa walikuwa nani, mmoja ni Ahmad bin Majid. Ukimuuliza kijana wetu habari zake, atakujibu upesi kuwa ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hata Calicut. Kisha hana la kuongeza. Neno hilo moja, ambalo lina shaka kubwa kama tutakavyoona, limefunika kazi ya umri mzima wa mwanachuoni mkubwa. Kwa hivyo tumeona yatupasa kueleza maisha yake kwa ufupi, na elimu aliyoiacha, kisha tulipime neno lenyewe kwa mizani ambayo wanavyuoni wetu hupimia habari zote.

Jina lake ni Shihabuddin Ahmad bin Majid. Asili yake ni Julfar, mji wa pwani uliokuwa mahali palipo leo Ras al-Khaimah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Aliishi katika karne ya 9 ya Hijra, yaani karne ya 15 ya miladi. Babu yake alikuwa rubani, na baba yake alikuwa rubani. Na huyo baba alitunga shairi la beti zipatazo 1,000 juu ya njia za Bahari ya Sham, likaitwa al-Hijaziyya. Basi Ahmad alizaliwa ndani ya elimu hii kama mtoto wa mwanachuoni azaliwavyo katikati ya vitabu.

Naye hakukaa juu ya urithi akaridhika. Mwaka 866 wa Hijra (1462) alitunga al-Hawiya, shairi refu linalokusanya misingi ya elimu ya bahari. Na mnamo mwaka 895 (1490) alimaliza kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawaid, ambamo alieleza manazili ya mwezi, nyota, dira, njia, masafa, dalili za nchi kavu, na nyakati za pepo. Zaidi ya hayo alitunga mashairi mengi ya kufundishia, na mojawapo ni as-Sufaliyya, lieleza­lo njia ya mwambao wetu huu hata Sofala.

Jambo la kwanza la kuzingatia katika maisha yake ni adabu yake kwa waliomtangulia. Kabla yake walikuwako mabingwa watatu waliosifiwa sana kwa elimu ya bahari, nao ni Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Layth bin Kahlan. Ibn Majid aliwataja kwa heshima, akawaita simba, na nafsi yake akajihesabu kuwa wa nne wao. Lakini heshima hiyo haikumfunga macho. Alisema wazi kwamba wao walikuwa wakusanyaji wa habari kuliko kuwa wajaribu, na kwamba maneno yao yataka kupimwa baharini. Hata yale aliyoyapokea kwa baba yake na babu yake aliyapima kwa safari zake mwenyewe, lililo sahihi akalishika, na lenye makosa akalisahihisha. Hii ndiyo njia ya watu wa elimu. Kumheshimu mkubwa ni wajibu, lakini kufuata kwa kufumba macho si heshima. Na baharini, afuataye hivyo huangamiza roho za watu pamoja na yake.

Sasa na tueleze hesabu yake, kwani wengi hudhani kuwa marubani wa zamani walikwenda kwa kubahatisha. Duara yote ya upeo wa macho waliigawa sehemu 32, kila moja wakaiita khani, na wakazipa majina ya nyota kwa mahali zichomozapo na zituapo. Sisi watu wa pwani tungali na masalio ya majina hayo: twasema Jaa kwa kaskazini, Matlai kwa mashariki, na Suheli kwa kusini. Kimo cha nyota walikipima kwa kidole, na kidole kimoja kwa hesabu ya leo ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Na masafa waliyapima kwa zamu, nayo ilikuwa mwendo wa saa 3.

Chombo kikielekea Jaa moja kwa moja, walihesabu kuwa kikienda zamu 8, nyota ya Jaa huinuka kidole kimoja. Je, chombo kikielekea upande? Hapo ndipo palipo na elimu. Tuseme chaelekea katikati ya Jaa na Matlai. Kila zamu kiendayo ina sehemu mbili ndani yake: sehemu yakipeleka Jaa, na sehemu yakipeleka Matlai. Kwa hivyo zamu 8 hazitoshi kuiinua nyota kidole kimoja. Zatakiwa zamu 11 na kama theluthi. Na chombo kikizidi kupinda hata kikawa digrii 60 kutoka Jaa, zatakiwa zamu 16, maradufu kamili. Marubani waliiita hesabu hii tirfa, na Ibn Majid aliifundisha na kuisahihisha.

Hesabu hiyo ndiyo asili moja na ile ambayo watoto wetu hufundishwa skuli leo kwa jina la vekta, yaani kitu chenye kiasi na upande pamoja. Nahodha anayeujua mkondo wa bahari atatufahamu upesi. Chombo kikielekea kaskazini kwa maili 4 kwa saa, na mkondo ukakisukuma mashariki kwa maili 3 kwa saa, baada ya saa moja hakitakuwa maili 4 mbele wala maili 7. Chora mshale wa maili 4 kwenda kaskazini, na kwenye ncha yake uchore mshale wa maili 3 kwenda mashariki. Kisha piga mstari kutoka ulipoanzia hata ulipoishia. Utapata maili 5, na upande wake umepotoka kwa zaidi ya khani 3. Nahodha asiyehesabu hivyo huitazama dira yake, akaiona ni sawa, na huku chombo chaenda miambani. Ajuaye huelekeza omo magharibi kwa kadiri ile ile. Chombo chake kikiwa na mwendo wa maili 5 kwa saa, mkondo utamla maili zake 3, naye atakwenda kaskazini sawasawa maili 4. Amepoteza maili moja kila saa, lakini amefika alikokusudia.

Na upepo una hukumu yake na wakati wake. Ibn Majid aliandika nyakati za kusafiri kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi, kwa sababu miezi ya mwandamo huzunguka katika misimu yote, na pepo hufuata jua. Wazee wetu wa pwani nao walihesabu hivyo, siku kumi kumi, tangu Siku ya Mwaka. Aondokaye katika wakati wake upepo humsukuma. Aondokaye nje ya wakati hupambana nao.

Ushahidi wa hayo umo katika safari ya huyo Vasco da Gama mwenyewe. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi inapoanza, naye amepewa rubani mjuzi. Akafika karibu na Calicut tarehe 20 Mei, siku 26 tu. Wakati wa kurudi aliondoka pwani ya Bara Hindi tarehe 5 Oktoba, kabla ya kaskazi kushika, akapatwa na shwari na pepo za mbele. Hakuiona pwani ya Afrika, karibu na Mogadishu, ila tarehe 2 Januari 1499, na watu wake 30 walikufa kwa maradhi njiani. Bahari ni ile ile, na vyombo ni vile vile. Kilichopungua ni kuujua wakati.

Je, rubani yule alikuwa Ibn Majid? Aliyeandika hivyo ni Qutbuddin an-Nahrawali wa Makka, aliyefariki mwaka 990 wa Hijra (1582), akaongeza kuwa alielekeza njia hali amelewa. Huyu hakuwako Malindi, na kati yake na jambo lenyewe ni miaka mingi, wala hakutaja aliyempasha habari. Tukiwauliza Wareno, aliyesafiri katika msafara ule na kuandika habari zake hakumtaja rubani kwa jina. Na mwandishi wao Barros, aliyekuja baadaye, asema alikuwa Mwislamu wa Gujarat, akamwita Malemo Cana. Na hilo si jina la mtu bali ni cheo, maana yake mwalimu wa bahari. Ibn Majid alikuwa Mwarabu wa Julfar, na mwaka 1498 ulikuwa wa 36 tangu atunge al-Hawiya. Kuunganishwa kwa habari hizi mbili zikawa moja kulienea kwa kazi ya Mfaransa Gabriel Ferrand, katika karne ya 20, na wataalamu wengi waliokuja nyuma yake wameikataa.

Sisi ambao hatupokei hadithi bila ya kuuliza nani kaipokea kwa nani, vipi twapokea ulevi na khiana juu ya Mwislamu aliyekufa kwa habari iliyokatika kama hii? Mwenye kumsingizia maiti hana wa kumwomba radhi.

Tungo zake za mwisho zijulikanazo ni za mwaka 906 (1500). Baada ya hapo hatusikii habari zake. Elimu yake iliendelezwa na Sulaiman al-Mahri wa Shihr, na mwaka 1554 Sidi Ali Reis, amiri wa Kituruki, aliitumia katika kitabu chake al-Muhit. Kisha sisi tukalala. Nakala za vitabu vyake zikahifadhiwa Paris, na nyingine Leningrad, ambako tungo zake tatu zilichapishwa mwaka 1957. Waliozifukua ni wageni, na sisi tuliobaki na majina ya Jaa na Suheli hatukuuliza yalitoka wapi.

Basi, ndugu zetu, mtoto arudipo na daftari lake la hesabu, msimwambie kuwa hiyo ni elimu ya wenyewe. Mwambieni kuwa wazee wake waliivukia bahari. Na kumtegemea Mwenyezi Mungu si kuiachilia mikono usukani. Ni kuupima upepo na mkondo kwa kadiri ya uwezo wetu, kisha kumwachia Yeye yaliyobaki. Mwenyezi Mungu amrehemu Ahmad bin Majid, na atujaalie sisi kuwa wenye kupima kabla ya kusema. Amin.